Sahani ya Bi Gulbanu

Sahani ya Bi Gulbanu imerudi. Imekuja Jumamosi iliyopita mpaka hapa Harrow, imefungwa ndani ya sweta la sufu, mikononi mwa msichana ambaye sikupata kumwona maishani mwangu. Alinipigia simu siku moja kabla, akaniamkia kwa Kiswahili cha Pemba kisicho na wasiwasi, akasema jina lake Time, anasoma Paris, na ana amana yangu kutoka kwa marehemu Profesa Odile Kervadec. Marehemu! Hivyo ndivyo nilivyojua kuwa Odile amekufa. Nilikaa kwenye ngazi na simu mkononi, nikamwambia njoo, mwanangu, njoo tu, kisha kukaa kukanishinda. Nikapangusa meza iliyokuwa safi, nikapanda juu, nikateremka, nikafungua madirisha, nikayafunga.

Alipofika nilimweka sebuleni, nikaupokea mzigo na kuuweka mezani. Kabla ya kuufungua nilisema kwa sauti, "Ndani mna sahani, na juu ya sahani pana jibini." Msichana akanitazama vile vijana wanavyomtazama bibi aliyeanza kuchanganyikiwa. Ni mazoea yangu, na nitaeleza niliyapata wapi. Nikalifungua sweta. Sahani ilikuwa ile ile, ya kaure, ukingo wa buluu, na pengo lake dogo ubavuni. Na ilikuwa tupu. Nilikung'uta sweta, nikatia mkono mpaka ndani ya mikono yake. Hamna kitu! Hata tende moja! Miaka yote ile, halafu tupu. Nikamwacha mtoto wa watu na televisheni, nikaingia jikoni kuchemsha chai, na huko nikakasirika peke yangu. Ilikuwa hasira kuukuu, ya mwaka ule nilipokuwa mwanafunzi wa Odile.

Mwaka ule nilikuwa nakaa Kingsbury, chumba cha juu, nyumbani kwa Bi Gulbanu. Yeye alikuwa Muhindi wa Unguja, mzaliwa wa Mji Mkongwe, na baada ya mapinduzi alifika London na masanduku mawili na sahani zake za kaure alizozifunga kwa kanga mojamoja. Kiingereza hakukitaka. Alikuwa akisema Kigujarati na wauza mboga wa Kingsbury Road, na Kiswahili na mimi na kila aliyepanda ngazi zake, na posta alikuwa akinituma mimi. Chumba changu kilikuwa na kitanda, meza, na hita ya gesi ya kulishwa sarafu iliyokuwa ikizimika kila nikianza kupata joto. Chini, sebuleni, kila Jumapili walikuja wageni kutoka Hounslow na Wembley, na mimi juu nilisikia kupitia sakafu mazungumzo yale yale: nani katoka, nani kabaki, nyumba ya nani inakaliwa na nani sasa. Sauti zilipanda, zikashuka ghafla alipotajwa mtu aliyefungwa, halafu vikombe vikagongana na mtu akaanza kucheka. Nilikuwa sipendi kusikiliza na nilikuwa sichoki kusikiliza. Sisi sote tulikuwa hivyo mwaka ule, tumekaa lakini hatukukaa, kama abiria aliyevaa koti na treni haijaja.

Mahali pekee nilipotulia ni maabara, tena maabara yenyewe ilikuwa haitulii. Ilikuwa chini ya ardhi, katika chuo kimoja katikati ya mji, na pampu zake zilinguruma kutwa hata ukitoka nje unazisikia masikioni. Tulikuwa tukichunguza baridi. Si baridi ya Januari, hiyo ni mzaha. Ni baridi ambayo hewa yenyewe ingeganda kama jiwe. Tuliipata kwa gesi ya heliamu iliyofanywa maji, na tuliihifadhi ndani ya chupa ndefu za vioo viwili zilizopakwa fedha. Nilipomweleza Bi Gulbanu akasema, "Si chupa ya chai hiyo?" Na kweli, ni chupa ya chai. Ndani yake tulitumbukiza kipande cha metali, tukapitisha umeme, tukatazama mshale wa mita. Kuna metali ambazo, ukizipoza vya kutosha, ghafla huacha kabisa kuuzuia umeme, na mshale unaanguka kwenye sifuri kama mtu aliyekatika pumzi. Kazi yangu ilikuwa kutafuta mahali pa kuanguka kwa mchanganyiko mmoja wa metali ambao hakuna aliyeujua. Ningepapata hapo, kwa ukamilifu, ningepata shahada ya udaktari. Sikuwa na kitu kingine duniani nilichokitaka. Wallahi, nilikuwa naota mshale.

Mwenye maabara alikuwa Odile. Mwanamke mfupi, viatu vya kiume, nywele kazikata mwenyewe kwa mkasi wa kukatia waya. Hakuwa anajua kukaa. Alikula amesimama, alisoma anatembea, na akizungumza nawe alikuwa akizunguka meza mpaka shingo ikuume. Alikuwa na amri moja tu katika chumba kile: hakuna kuwasha chombo kabla hujasema kwa sauti, mbele ya wenzako, unategemea kuona nini. "Sema kwanza," alikuwa akiniambia. "Ukiona kwanza, utajidanganya kuwa ulijua." Siku za mwanzo niliona haya. Nilikuwa msichana pekee miongoni mwa wanafunzi, nasema mshale utaanguka hapa, haukuanguka, na wavulana wa Kiingereza wanatazama viatu vyao kwa adabu. Odile hakunionea huruma hata kidogo. "Vizuri," alisema. "Umekosea waziwazi. Sasa unaweza kujifunza." Nilikwenda zangu chooni nikalia, nikarudi, nikasema tena.

Sasa sahani. Bi Gulbanu hakuweza kuamini kwamba kuna mwalimu anayekula mkate mkavu amesimama, kwa hiyo Ijumaa moja akanipa sahani ya sambusa, ameifunika kitambaa. "Mpelekee mwalimu wako." Odile alizila zote kabla ya adhuhuri. Jumatatu akanirudishia sahani, ameiosha, inang'aa. Nikaipeleka nyumbani. Bi Gulbanu aliipokea, akaitazama, akaigeuza chini juu, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nimemkosea nini?"

"Hujamkosea kitu, Bi Gulbanu. Kazila zote."

"Basi mbona kairudisha tupu? Mtu hukurudishia sahani tupu akiwa hataki ujirani na wewe."

"Wafaransa hawajui mambo hayo."

"Kama hajui, si umfundishe? Wewe si unasoma chuo?"

Nikamfundisha. Odile alisimama, jambo lililokuwa nadra, akasikiliza kwa makini kabisa, kama ninamweleza kanuni mpya ya umeme. Akauliza, lazima kinachorudi kilingane na kilichokuja? Nikamwambia hapana, hata limau moja latosha, hata sukari, bora isirudi tupu. "Na kama mtu hana kitu?" Nikamwambia huikalisha sahani mpaka apate. Hilo lilimfurahisha sana. Tangu siku hiyo sahani ile ilikwenda na kurudi kila wiki, Kingsbury mpaka maabara, na mimi mbebaji, nimeipakata ndani ya treni. Zilikwenda kachori na kababu. Yalirudi mapeasi, zikarudi lozi, na wiki moja likarudi jibini la kwao lililonuka hata behewa zima likanihama. Bi Gulbanu alilitoa nje, akaliweka kwenye ukingo wa dirisha, akafunga dirisha. "Huyu mwalimu wako," alisema, "leo ndiyo kaanza ugomvi." Wiki iliyofuata akapika mara mbili ya kawaida.

Ilikuwa karibu na Pasaka nilipoanza kusikia simu. Ofisi ya Odile ilikuwa jirani na chumba chetu cha kupimia, na ukuta ulikuwa wa mbao. Simu zilikuwa za Paris. Kifaransa sikukijua, lakini kukataa kunasikika katika lugha yoyote, na mwanzoni nilimsikia anakataa. Baada ya wiki kadhaa kukataa kukapungua. Akawa anasikiliza tu, na viatu vyake vinakwenda na kurudi upande wa pili wa ukuta. Kisha siku moja mkuu wa idara alikuja, mzee mmoja mpole wa Kiingereza, wakafunga mlango, na nikamsikia anauliza kwa Kiingereza chake safi: "Na yule binti wa Zanzibar, atakuwaje?" Viatu vikasimama. Nilibaki na bisibisi mkononi.

Sikumwuliza. Kwetu mtu hamwulizi mkubwa wake kitu kama hicho usoni, humngoja aseme. Na yeye kwao mtu hasemi mpaka aulizwe. Basi tukakaa hivyo, yeye anangoja, mimi nangoja, na kazi inaharibika. Nikawa silali vizuri, sili, nashuka kituo kisicho changu nikatembea mvuani bila sababu. Bi Gulbanu aliyeniona nakonda ndiye aliyekata shauri. "Mlete hapa," akasema. "Chakula kitamsemesha."

Akaja Jumapili. Bi Gulbanu alikuwa amepika biriani ya kuku, na nyumba nzima ilinukia zafarani mpaka barabarani. Odile aliingia na maua, akala kwa mkono vizuri kuliko nilivyotegemea, lakini baada ya kila tonge aliinuka akaenda dirishani. "Mwambie akae," Bi Gulbanu akaniambia. "Atapaliwa huyo." Nikamfasiria. Odile akacheka, akakaa, na alipokaa ndipo akasema. Serikali ya kwao ilikuwa inamwita. Walikuwa wanaunda baraza la kuamua nchi ichunguze nini, maabara ipi ipewe fedha, ipi ifungwe, na walimtaka yeye akalishauri. Angeondoka majira ya joto.

"Utaacha baridi yetu," nilisema, "ukapige mihuri?"

"Sikiliza, Salma." Alikuwa akilitamka jina langu kwa kulivuta mwishoni. "Nilipokuwa kijana nilikuwa na maabara Paris. Nzuri kuliko hii. Siku moja mtu mmoja, hajapata kushika pampu maishani mwake, alitia sahihi, na ikafungwa. Hakuja hata kutazama. Ndiyo maana niko London. Kalamu ile lazima ishikwe na mtu anayejua inakata nini."

"Na ukiishika kwanza unakata yetu."

Bi Gulbanu, ambaye hakuelewa neno hata moja, akaacha kupakua. Kisha Odile akaniambia ameshafikiri: nifuatane naye Paris, atanitafutia mahali. Ebo! Na karatasi zipi? Pasipoti yangu ilikuwa ya nchi ambayo haikuwa tena nchi ile. Uingereza walikuwa wameniruhusu kukaa, si kutoka na kurudi nipendavyo. Nikivuka bahari kwenda Paris, mlango ungejifunga nyuma yangu. Nilimweleza hayo, na nikaona usoni mwake kwamba hilo hakulifikiria. Mtu mwenye akili kama zile! Alijua tabia ya metali katika baridi ambayo haijapata kuwapo duniani, lakini hakujua kuwa kuna watu hawawezi kupanda treni wakaenda.

"Anasemaje?" Bi Gulbanu akauliza.

"Anaondoka. Maabara inafungwa. Basi."

Nilidhani atamtukana kwa Kigujarati. Badala yake aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na mkate wa kumimina mzima juu ya sahani yake yenye ukingo wa buluu. Nazi ya pakiti, maana nyingine hakukuwa, lakini umepanda na unanukia hiliki. Akauweka mbele ya Odile. "Mwambie huu ni wa njia. Na sahani yangu naitaka."

Odile alipofasiriwa alisimama, safari hii kwa heshima. "Nitairudisha," alisema. "Si tupu."

Siku ya mwisho ya heliamu nilifanya kazi peke yangu. Yeye alikuwa ameshaondoka, wavulana wameshahamishiwa kwa maprofesa wengine, na mafundi walikuwa wanangoja nimalize wafungue mabomba. Heliamu ikishamiminwa haingoji mtu, inachemka na kupotea mbele ya macho yako. Nilisema kwa sauti, chumba kitupu, pampu tu zinanisikiliza: utaanguka hapa. Nikawasha. Ukaanguka pale pale. Nilipiga kelele za furaha, na hakukuwa na mtu wa kugeuka kunitazama. Kipimo kimoja hakitoshi kwa udaktari, vinatakiwa vingi. Mkuu wa idara, kwa upole wake wote, alinipa mada nyingine katika chumba kingine, lenzi na taa, na mimi sikuweza. Nilijaribu mpaka Krismasi. Nikawa mwalimu wa fizikia wa skuli hapa Harrow, na nikawa mwalimu mpaka nilipostaafu. Nimefundisha vizuri, sijidai. Wanafunzi wangu wote, kabla ya kuwasha chombo, walisema kwanza. Lakini sijapata kuona mshale ule tena.

Odile nilimfuata kwa magazeti. Alikuwa mshauri, halafu mkuu wa baraza, na wakubwa walimwogopa kwa sababu aliwahamishia amri yake ya chini ya ardhi. Waziri akija na mradi mkubwa, Odile humwambia mbele ya watu: sema kwanza utapata nini. Miaka ikipita, humwita na kumsomea aliyoyasema. Serikali moja ilimfukuza, nyingine ikamrudisha. Walisema ameua miradi ya wakubwa na kulinda vijimaabara visivyo na mwenyewe. Nikisoma hayo katika chumba cha walimu, nilijivunia, na papo hapo nilitamani kulichana gazeti. Vijimaabara visivyo na mwenyewe! Changu kilikuwa na mwenyewe.

Nilimwona mara moja tu tena. Alikuja London kuhutubia, nywele zimekuwa nyeupe, viatu vile vile. Bi Gulbanu alikuwa ameshafariki, na mpaka siku zake za mwisho, akipanga sahani zake kabatini, aliacha nafasi ya ile moja. Mimi nilikuwa nikimwambia, "Ahadi ni deni, na huyu si mlipaji." Yeye hujibu, "Kawia ufike, mwanangu." Basi baada ya hotuba nikajipenyeza mpaka mbele. Odile alinikumbatia mbele ya mabalozi. Nikamwuliza hapo hapo, bila hata hujambo: "Sahani iko wapi?"

"Ninayo. Bado sina cha kutia."

"Tia hata jibini!"

"Salma, nilikuchukulia maabara. Siwezi kukurudishia jibini."

Nilimwambia hayo ni maneno ya kamati, nikaaga, nikapanda treni ya Metropolitan na hasira mpaka nikapitiliza kituo.

Haya, chai ikachemka. Nikaipeleka sebuleni. Time alikuwa ameinuka anazunguka zunguka, anatazama picha zangu, vikombe vyangu, amesimama, amekwenda dirishani. "Kaa, mwanangu," nikamwambia, "unanitia kizunguzungu." Akakaa, akaomba radhi. Nikamwuliza, kwa adabu tu, anasoma nini huko Paris.

"Fizikia, Bibi. Baridi kali. Tunapima metali."

Nikaliweka birika mezani. "Kabla ya kuwasha chombo mnafanya nini?"

"Tunasema kwanza," alijibu, kama kitu ambacho kila mtu anakijua. "Mbele ya wenzetu, tunategemea kuona nini. Mimi mwanzoni nilikuwa naona haya sana."

"Nani alianzisha?"

"Sijui. Pale tumekuta hivyo hivyo."

Nikaketi. Akanieleza kidogo kidogo, akinywa chai. Maabara yao imewekewa sharti tangu zamani: lazima iwe na nafasi ya mwanafunzi kutoka nchi zisizo na mashine kama zile, na karatasi zake zote, viza na ruhusa ya kutoka na kurudi, zishughulikiwe na serikali yenyewe kabla hajapanda ndege. Profesa Kervadec aliipigania sheria hiyo miaka na miaka, ikakataliwa, akairudisha, ikakataliwa. Ilipita akiwa ameshastaafu. Nafasi ile imewapata watu wa kila upande, mpaka akaja yeye, wa kwanza kutoka visiwani. Odile, mkongwe, hawezi kutoka nje, aliposikia akaagiza aitwe nyumbani kwake.

"Akanionyesha sahani," Time alisema. "Akaniambia nikuletee wewe ukifika wakati. Nikamwambia, Bibi, kwetu sahani hairudishwi tupu, hiyo ni fedheha. Nikaenda nikanunua keki, nikaitia. Akaitoa. Nikatia machungwa. Akayatoa. Akawa anacheka. Akasema, 'Haiendi tupu. Utaipeleka wewe.' Mimi nilidhani ni uzee."

Nilimtazama. Viatu vya kiume, jamani, sikuviona alipoingia. Nililia pale pale, mbele ya mgeni, kwa sauti, na yeye akaacha chai akaja kunishika mabega, hajui amefanya nini. Nililia kwa ajili ya mshale wangu, ambao hakuna atakayenirudishia, na hilo Odile sijamsamehe, na namwambia huko aliko. Na nililia kwa furaha. Bi Gulbanu, sahani yako haikurudi tupu! Odile kakawia, lakini amefika.

Jumapili asubuhi nilimwamsha mtoto kwa harufu ya hiliki. Mkate ulipanda vizuri, siku hizi nazi tunayo ya kweli. Nikauweka mzima juu ya sahani, nikaifunga kwa kanga, nikampakatisha mlangoni. Akasema, "Lakini Bibi, hii si ndiyo niliyokuletea? Nitairudisha na nini?"

"Huna haraka," nikamwambia. "Ikalishe mpaka upate. Na nisione jibini."